Namba Moja kwa Kutisha

Kibaoni, ukitoka sokoni kuelekea kwenye mashine za kukoboa mpunga, kuna kibanda umiza cha Leodgar. Ni chumba kirefu cha matofali ya kuchoma, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie. Ndani kuna mabenchi, televisheni kubwa, spika mbili na kipaza sauti. Kipaza sauti ni kwa sababu Leodgar haonyeshi tu muvi, anazitafsiri. Iwe ya Kichina, iwe ya Kihindi, ikipita mdomoni mwake inatoka inaongea Kiswahili cha huku Mpimbwe. Steringi, shujaa wa muvi, akifukuzwa na maadui kwenye mji ambao hakuna anayeujua, Leodgar husema anakatiza Usevya, hapo jirani, na watu wanaona kweli anakatiza Usevya.

Agatha hakuwahi kukanyaga humo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa mpunga, mwimbaji wa kwaya ya kanisani tangu usichana, mwenye sauti nene ambayo watu waliitambua hata wakiwa nje ya kanisa. Nyumba yake ilikuwa jirani na barabara. Watu walimwita Mama Simon, kwa jina la mwanawe wa pekee ambaye ni dereva wa lori Mpanda mjini.

Mambo yake yalianza kwenye ubishi ambao yeye hakuwemo.

Ilikuwa masika, mvua za Machi zile zinazomfukuza mtu shambani kabla ya saa nane. Vijana na wazee walijaa kibandani mchana, na muvi ikiisha hawakutoka, wakaanza kubishana muvi gani ya zamani ni kali kuliko zote. Aliyekuwa anasimamia ubishi huo ni Malale, fundi baiskeli, mtu mzima anayeheshimika kwa kukumbuka. Malale alisema huwezi kushindanisha muvi ya vita na ya mapenzi, ni sawa na kushindanisha ng'ombe na baiskeli. Kila aina ipangwe kivyake. Akachukua mkaa akaanza kuandika ukutani.

Za ngumi zilikubaliwa haraka. Za vita ziliwafanya watu wawili wanuniane. Kwenye za mapenzi kila mwanaume alidai hakulia, ila alikumbuka vizuri nani alilia. Wakafika kwenye za kutisha, na hapo ubishi ukakwama. Wengine walitaka za maiti wanaofufuka, wengine za nyumba zenye mizuka. Malale alizikataa zote. Alisema mzuka unaoongea Kiingereza haumtishi, hauna nauli ya kufika huku. Muvi ya kutisha, kwa Malale, ni ile ambayo kitu chenyewe kinaweza kuja kugonga mlangoni kwako.

Ndipo Leodgar alipokumbuka kanda ya zamani iliyohamishiwa kwenye flashi, aliyopewa na ndugu yake wa Sumbawanga. Akaiweka. Picha ilikuwa na mistari na sauti ilishakufa, imebaki mikwaruzo. Mwanamke aliyevaa kaniki aliinuka taratibu kutoka kisimani, akageuka, uso wake ukajaa televisheni nzima, macho mekundu. Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akauliza kama yule siyo Mama Simon. Alikuwa yeye, kijana zaidi, lakini yeye.

Leodgar alikamata kipaza sauti. Mwanamke wa kwenye muvi alikuwa anafungua mdomo akiita majina ya watoto, na kila aliyeitwa alionekana amelala mkekani anatetemeka. Kwa kuwa majina yenyewe hayakusikika, Leodgar aliweka ya kwake, ya watoto wa hapo hapo Kibaoni kama yalivyomjia kinywani. Mojawapo lilikuwa Luhende. Watu wa benchi la mbele walirudi nyuma, na Leodgar, kama fundi yeyote anayeona kazi yake imekolea, akazidisha. Kanda ilikatika katikati, watoto wakiwa bado mikekani. Hakuna aliyeuliza mwisho wake ulikuwaje. Malale aliandika kwa mkaa: za kutisha, namba moja, Bibi wa Kisima. Safari hiyo hapakuwa na mbishi.

Agatha alipopata habari kwa Katarina, jirani yake na mwenzake wa jumuiya, kwanza alicheka. Alifurahi hata kidogo. Alikumbuka wale watu wa mradi wa maji waliokuja na kamera miaka mingi iliyopita, wakamchagua yeye kwa sababu ya sauti yake. Alimuuliza Katarina kama ameonekana mzuri. Katarina hakucheka. Alisema tu kwamba watu wameogopa sana, kisha akakumbuka ana maharage jikoni.

Baada ya hapo mambo yalibadilika polepole, kiasi kwamba mtu mwingine angesema ni mawazo yake. Katarina aliacha kumtuma binti yake kuomba chumvi. Kwenye sala za jumuiya nafasi ya pembeni yake mkekani ilibaki wazi. Watoto waliokuwa wanapita uani kwake kwenda shule wakaanza kuzunguka na barabara. Halafu asubuhi moja alifika kwenye pampu ya maji, akakuta foleni ndefu ya ndoo, na wanawake wote wakasogea pembeni ili achote kwanza. Hakuna aliyemwambia neno baya. Alichota haraka bila kujaza ndoo, maana kupewa ile nafasi kulimwogopesha kuliko tusi.

Alijua mambo kama hayo yanaelekea wapi. Akiwa binti aliwahi kupelekwa kwenye mazishi ya mwanamke wa rika la mama yake ambaye hakufa kwa ugonjwa, na watu wazima walikataza watoto wasisogelee jeneza.

Akaanza kuishi kwa kusikiliza. Mahindi aliyopanda kuzunguka nyumba yalikuwa yamerefuka kiasi cha kumficha mtu, akayafyeka yote yakiwa mabichi, hayajabeba hata. Alilala amevaa nguo za kutokea na viatu karibu na kitanda. Kikohozi cha mpita njia kilimfanya aache kutafuna. Alimpigia Simon. Simon alimwambia aende kwa mwenyekiti wa kitongoji akatoe taarifa, au apande gari aje Mpanda. Agatha alisema mpunga unatoa masuke, atauacha na nani? Na kuhusu mwenyekiti, aliogopa. Kwenda kulalamika kwamba watu wanakuita mchawi, wakati bado hakuna aliyelitamka neno lenyewe, aliona ni kulitamka yeye.

Wiki hiyo hiyo Luhende akaugua.

Alikuwa mtoto wa miaka minne, wa Manyanda na mkewe Sikujua, watu waliohamia na ng'ombe kutoka Usukumani na sasa wanalima mpunga bondeni. Manyanda alikuwepo kibandani siku ile. Alikuwa ni mmoja wa wale walionuniana kwenye muvi za vita.

Alifika kwa Agatha asubuhi, pikipiki ameiacha barabarani. Alikuwa na fimbo mkononi na panga kiunoni, kama mwanaume yeyote anayetoka kuchunga, lakini Agatha aliona panga tu. Alikuwa anapepeta mchele barazani. Alitamani kuinuka akaingia ndani, lakini aliendelea kupepeta.

Manyanda aliamkia, shikamoo mama, naye akaitikia. Hakukaa. Alisema mtoto anawaka moto, tangu jana jioni hamtambui mama yake, na alfajiri amekakamaa mwili mzima. Alisema akiwa anaangalia chini. Kisha akapunguza sauti.

"Mama, kama ni wewe, mwachie. Sina neno lingine."

Agatha aliweka ungo chini. Baadaye alimsimulia Simon kwamba pale ndipo alipoelewa amefungiwa pande zote. Akisema siyo yeye, Manyanda ataondoka akijua amenyimwa mtoto wake. Akisema sawa nimemwachia, amekiri, na mtoto akifa au akipona, yote mawili yatamrudia yeye. Alimtazama yule mwanaume mikononi. Alikuwa ameishika fimbo mbele yake kama mtu anayezuia mbwa, na Agatha akashangaa kuona kwamba Manyanda naye anamwogopa.

"Mwanangu," alisema, "mmempeleka hospitali?"

Manyanda alisema hapana. Mkewe amejifungua juzi juzi, hawezi kupanda pikipiki, na yeye peke yake hawezi kuendesha akimshika mgonjwa.

"Basi nitamshika mimi," Agatha alisema. "Kama unaniogopa, mimi niwe pale unaponiona. Twende sasa hivi."

Hakujua maneno hayo yalitoka wapi. Alijifunga kanga, akafunga mlango, akapanda nyuma ya mtu aliyekuwa na panga kiunoni.

Nyumbani kwa Manyanda, Sikujua alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mchanga amelazwa kando yake, Luhende mapajani. Aliposikia Agatha ndiye atakayembeba, alimkumbatia mtoto kwa nguvu, akamwangalia mumewe. Manyanda alimwambia kwa Kisukuma maneno machache. Sikujua alimwachilia mwanawe kidogo kidogo, kama mtu anayemwaga maji asiyotaka kuyamwaga.

Njia ya kwenda kituo cha afya ilikuwa tope tupu. Pikipiki iliteleza, ikazama, ikatoka. Agatha alimshika mtoto kifuani, kichwa chake kimelegea kama cha kuku aliyechinjwa. Kila mara aliweka kiganja puani mwake kusikiliza pumzi. Alimwogopea mtoto, na alijiogopea mwenyewe, na alishindwa kutenganisha hofu hizo mbili. Kama mtoto angekata roho mapajani mwake katikati ya yale mashamba, hakuna mtu duniani ambaye angeuliza ameugua nini. Aliona macho ya mtoto yanapanda juu, akafanya ambalo mama yeyote angefanya. Alimwinamia sikioni akaanza kumwita. Luhende. Luhende, amka, tunafika.

Pikipiki ilisimama. Manyanda hakugeuka.

"Mama," alisema, "usimwite jina."

Akaondoa pikipiki. Agatha hakutamka kitu tena mpaka walipofika. Alimpiga piga mtoto mgongoni tu, na moyoni akasali bila maneno.

Muuguzi alimpima mtoto damu, akawagombeza wote wawili kwa kuchelewa. Ilikuwa malaria kali, imeshapanda kichwani. Walimchoma sindano, wakamtundikia dripu. Manyanda alikaa upande mmoja wa kitanda na Agatha upande mwingine. Agatha hakuthubutu kuondoka, na hakuthubutu kumgusa mtoto. Kesho yake Luhende alifungua macho akaomba uji.

Agatha alirudi Kibaoni akidhani yamekwisha. Alikuta yameanza upya. Habari ilikuwa imemtangulia: mtoto wa Manyanda amepona, Mama Simon amemwachia. Kumbe kupona kwenyewe ndiyo ushahidi. Mwanamke asiyemjua alikuja kutoka kitongoji cha pili, akapiga magoti uani, akamlaza mtoto wake mwenye homa miguuni pa Agatha na kumwomba naye amwachie. Agatha alimsihi ainuke, ampeleke kituo cha afya. Mwanamke aliondoka analia, akisema amekosa nini. Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, jiwe lilitua juu ya bati. Moja tu. Alipotoka nje barabara ilikuwa tupu.

Alikaa kitandani mpaka alasiri, mikono katikati ya magoti. Aliwaza kwamba jiwe la pili halitatua kwenye bati. Kisha akavaa gauni lake la kanisani na akaenda kibandani kwa Leodgar.

Walikuwa wanaonyesha mechi ya marudio. Alipoinua pazia, watu wa mlangoni walirudi nyuma wakakanyagana. Leodgar alipunguza sauti bila kuambiwa. Agatha alimwomba aiweke ile muvi. Leodgar alisita, akamwangalia Malale, Malale akakubali kwa kichwa.

Muvi ilipoanza, Leodgar hakushika kipaza sauti. Agatha ndiye aliyekishika. Mwanzoni alikohoa, na spika zikapiga kikohozi chake kibanda kizima. Alisimama ubavuni mwa televisheni, uso wake wa sasa pembeni ya ule wa zamani, akaanza kueleza. Macho mekundu yale ni moshi wa kuni mbichi, walimkalisha jikoni tangu asubuhi. Kaniki ilikuwa ya mama mkwe wake. Kisimani aliingia kwa ngazi.

Wakafika pale anapoita majina.

"Hapa walinipa majina ya watoto wa watu niyaite," alisema. "Nikakataa. Hata siku zile niliogopa. Nikasema nitamwita wa kwangu. Jina ninaloita hapo, kila mara, ni Simon. Tazameni mdomo."

Wakautazama. Midomo ilikutana, ikafunguka, ikaita tena, na kila aliyekuwepo aliona kwamba jina lile kweli lina m katikati, mahali ambapo Luhende halina.

"Simon mnamjua. Mpunga wenu ndio anaoubeba."

Picha ikakatika kama kawaida yake. Agatha alisema haiishii hapo. Mwisho wake anakuja bwana afya, anapima maji ya kisima, anakuta ni machafu, na wanakijiji wanamwomba bibi msamaha. Ilikuwa muvi ya kufundisha watu kuchemsha maji. Kipande hicho ndicho kilichopotea.

Ubishi ukalipuka, na Agatha alibanwa ukutani akiusikiliza kama mshitakiwa. Mmoja alisema basi iondolewe kwenye za kutisha iwekwe za mafunzo. Mwingine akapinga, wao wanapanga walichokiona, siyo kilichokatika. Nani amemwona huyo bwana afya? Wa tatu alisema kitu kikikutisha kimekutisha, hata ukiambiwa ni moshi wa kuni. Hakuna hata mmoja aliyesema habari ya Agatha mwenyewe. Walibishania aina, wakarudia aina, na yeye alijua ni shingo yake inayojadiliwa.

Manyanda alikuwa benchi la nyuma. Aliinuka, watu wakampisha.

"Mimi huyu mama nimempakia kwenye pikipiki," alisema. "Mwanangu kaponywa na dripu. Nimeiona ikiingia."

Akakaa. Malale alisugua kidevu, akawaza. Hatimaye akatoa hukumu yake: muvi isiyo na mwisho haipangwi, iwe ya kutisha, iwe ya mafunzo. Kanuni ni hiyo, na ingetakiwa wote waikumbuke toka mwanzo. Alilowesha kitambaa akafuta maandishi ya mkaa. Leodgar aliichomoa flashi akampa Agatha mkononi. Alimwambia hakufikiria, yeye alikuwa anatafuta majina matamu ya kutamka tu. Agatha aliipokea, akaifumbata, akatoka nje.

Hakuna jiwe jingine lililotua. Katarina alirudi kumtuma binti yake, na kwenye pampu akaachwa apange foleni kama wengine. Mtu angesema imekwisha. Lakini ilikuwa karibu na mavuno, Agatha amekaa barazani, alipomwona mtoto mdogo wa Katarina anakimbiza tairi kuelekea barabarani, na lori linakuja kwa kasi kutoka upande wa mashine. Alimjua mtoto. Alijua jina lake, alikuwepo siku anabatizwa. Alifungua mdomo amwite na sauti haikutoka. Ile sauti iliyokuwa inalijaza kanisa ilibaki kifuani, kwa sababu alihisi akilitaja jina la mtoto wa mtu na kitu kikatokea, basi. Mwanamke mwingine ng'ambo ya barabara ndiye aliyepiga kelele. Mtoto alisimama, lori likapita, vumbi likamfunika.

Jioni ile alimpigia Simon akamwambia aje amchukue.

Alivuna kwanza. Siku ya kuhama Simon alikuja na lori, na Manyanda alikuja kusaidia kupakia. Yeye na Simon walibeba kitanda, magunia, kabati la vyombo. Watu wachache walipita kuaga, wengine walisimama mbali. Sikujua alikuja mwishoni kabisa, mtoto mchanga mgongoni, amemshika mkono Luhende aliyekuwa amenenepa na kuvaa kaptula mpya. Alimsukuma mbele kidogo.

"Muage bibi."

Luhende akasema shikamoo. Agatha alimwekea mkono kichwani, akaangalia upande wa Manyanda, aliyekuwa anafunga kamba na hakuwa anatazama.

"Marahaba, mjukuu," alisema. "Kwaheri, mjukuu."

Sikujua alisubiri kidogo, kama anayetegemea alitaje jina. Agatha alipanda mbele kwenye lori, akafunga kioo, na Simon akawasha gari.